Merikebu Inayovumilia Matuta: Namna ya Kuunda Manowari za Matanga za Mchezo wa Mezani

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na matuta yake sijawahi kuyahesabu. Ninachojua ni kwamba kila tuta nalisikia mapajani, kwa sababu huwa nimepakata boksi la viatu lenye frigeti sita. Siku ya kwanza konda wa Coaster aliniuliza, "Kaka, hiyo keki unampelekea nani?" Nikamwambia ni meli. Akatazama nje, mahindi pande zote mbili za barabara, kisha akanirudia mimi: "Meli unazipeleka Arusha?" Nikalipa nauli, nikanyamaza.

Wenzangu wa mchezo wako Njiro, Arusha. Tunapigana vita vya majini vya zama za matanga juu ya meza: merikebu ndogo, dadu, rula ya kupimia mwendo, na mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Merikebu hizo huuzwa zikiwa vipande, unaunganisha na kupaka rangi mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuunda ya kwanza akiwa huku bara, mbali na bahari na mbali zaidi na duka lolote la vitu hivi. Msimamo wangu nautoa mapema: merikebu ya mchezo si ya kabatini. Itashikwa na vidole vyenye mafuta ya mishikaki, itagongana na wenzake, itapanda Coaster. Karibu kila ninalokushauri hapa chini linatokana na hilo.

Maneno machache kwanza, maana sisi wa bara hatukukua nayo. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. (Huku kwetu ukitaja tezi mtu anawaza hospitali, lakini ndilo neno lenyewe, waliosema "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hawakuwa kwa daktari.) Foromali ni boriti inayolala juu ya mlingoti na kubeba tanga. Mlingoti wa galme ni ule mdogo wa nyuma, na mlingoti wa maji ni ule unaochomoza omo kama pembe ya kifaru. Joshini ni upande unakotoka upepo.

Hatua ya 1: Chagua vita kabla ya kuchagua merikebu

Wengi hukimbilia Trafalgar, 21 Oktoba 1805, kwa kuwa ndiyo inayoimbwa. Piga hesabu kwanza. Waingereza walikuwa na manowari kubwa 27, Wafaransa na Wahispania 33. Jumla 60. Ukimaliza moja kila baada ya wiki mbili, kwa jioni zile ambazo umeme haujakatika, utacheza vita hiyo baada ya miaka miwili na ushee.

Mimi nakushauri Grand Port, Agosti 1810, kisiwani Mauritius, ambacho wakati huo kilikuwa cha Wafaransa. Ni Bahari ya Hindi hii hii yetu. Waingereza walikuwa na frigeti nne: Sirius, Magicienne, Iphigenia na Nereide. Wafaransa, chini ya Duperré, walikuwa na frigeti mbili, Bellone na Minerve, pamoja na korveti Victor (manowari ndogo kuliko frigeti) na Ceylon, merikebu ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki waliyokuwa wameiteka. Vyombo vinane tu na meza imejaa.

Uhondo wake ni kwamba miamba iliamua vita kuliko mizinga. Sirius na Magicienne zilikwama zikiwa zinaingia kupigana, na mwishowe mabaharia wake wenyewe wakazichoma moto ili zisitekwe. Nereide ilipigwa hadi ikanyamaza ikatekwa. Iphigenia ikasalimu amri siku chache baadaye. Wafaransa waliionea fahari vita hii mpaka jina lake likachongwa kwenye Arc de Triomphe, Paris, ingawa kabla mwaka haujaisha Waingereza walirudi na nguvu kubwa wakakichukua kisiwa chote. Ukiicheza, kata vipande vya manila, andika kwa chini vipi ni mwamba na vipi ni maji matupu, uvichanganye, kisha vigeuzwe chombo kinapopita juu yake. Utaona watu wazima wakijikuna vichwa.

Faida nyingine: seti nyingi za kuanzia huwa na frigeti na brigi (chombo cha milingoti miwili), si manowari za sitaha tatu. Frigeti ilikuwa na sitaha moja kamili ya mizinga, kwa kawaida kati ya 28 na 44. Kule juu kuna madaraja: la tatu, lililojaa manowari za mizinga 74, na la kwanza lenye mizinga 100 na kuendelea. Anza chini.

Hatua ya 2: Kipimo

Kipimo kikiandikwa 1/700 maana yake sentimita moja ya kwako ni sentimita 700 za kweli. Victory, merikebu ya Nelson, amiri wa Waingereza huko Trafalgar, ina urefu wa mita 69 hivi kutoka ncha ya omo hadi tezi. Kwa 1/700 inakuwa karibu sentimita 10, kwa 1/1200 chini kidogo ya 6, na kwa 1/2400 chini ya 3, yaani kama njugu. (Mlima Kilimanjaro wenyewe kwa 1/1200 ungekuwa mita 4.9. Ungetoboa dari ya sebule, theluji ikabaki kwenye bati.)

Merikebu za 1/700 ndizo zinazotumika kwenye mchezo wa Black Seas wa Warlord Games, na nyingi ni za plastiki. Za 1/1200 mara nyingi ni za madini laini, na ndizo wakongwe wanazopenda kwa sababu kundi zima la merikebu linatosha mezani. Mchezo mwingine, Sails of Glory, hutumia 1/1000, na merikebu zake huja zikiwa zimeshapakwa rangi. Kama unataka kucheza tu bila kuunda, nunua hizo, uache kusoma hapa.

Kwa mkono wa mwanzo, chukua 1/700. Foromali unaiona bila kioo cha kukuzia, na plastiki inasamehe. Usichanganye vipimo kwenye meza moja.

Hatua ya 3: Kuipata

Hapa hakuna siri: utaagiza nje. Ama ije kwa posta, ama ije kwenye begi la ndugu anayerudi. Ikija kwa posta, weka kwenye hesabu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na uwe na risiti ya manunuzi imechapishwa, maana utaulizwa thamani na "midoli tu" si jibu. Plastiki iliyo bado kwenye fremu, ule mfumo wa vijiti unaoshikilia vipande kutoka kiwandani, husafiri vizuri. Madini hufika yamepinda lakini hunyooka. Resini, ile plastiki ngumu ya kumiminwa, ndiyo huvunjika, tena palepale pembamba. Fungua boksi siku hiyo hiyo, hesabu vipande, piga picha. Mimi niliwahi kukaa na boksi wiki tano bila kulifungua, nilipolifungua mlingoti mmoja haumo, na muuzaji akaniambia muda wa kulalamika umepita.

Hatua ya 4: Vifaa, vyote vya hapa hapa

Kwenye seti kuna merikebu; vifaa vya kuundia havimo. Ingia soko la Mbuyuni hapa Moshi, au la Kilombero ukiwa Arusha, utoke na hivi: supaglu ndogo kadhaa (ukifungua moja inakauka, kwa hiyo usinunue chupa kubwa), gundi nyeupe ya maseremala, nyembe, msasa laini, kikata kucha, kibano cha nyusi, pini, vibanio vya nguo, vijiti vya mishikaki na vya meno, karatasi ya tishu, brashi ndogo mbili, na rangi za maji za akriliki kutoka duka la steshenari. Gundi maalumu ya plastiki, ile inayoyeyusha kidogo na kuunganisha, agiza pamoja na seti kama inaruhusiwa kusafirishwa. Ikishindikana, supaglu inatosha, ila haikupi nafasi ya kusahihisha.

Kisha pita saluni. Nitakueleza sababu kwenye hatua ya kamba.

Hatua ya 5: Osha, kata, sugua

Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, hasa resini, kwa sababu hubaki na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Weka chujio la chai kwenye sinki. Usipoweka utanikumbuka.

Kata vipande kwenye fremu kwa kikata kucha, ukiacha kakisiki kadogo, kisha punguza kwa wembe na umalizie kwa msasa. Resini isugue ikiwa imelowa. Vumbi lake si la kuvuta puani.

Hatua ya 6: Kiwiliwili peke yake

Unganisha kiwiliwili, sitaha na tezi. Simama hapo. Mkono utakuwasha kusimamisha milingoti uone merikebu inavyofanana na merikebu. Usifanye. Milingoti ikishasimama huwezi kupaka rangi sitaha, na brashi itakuwa inaivunja kila jioni.

Unachofanya sasa ni kutoboa matundu ya milingoti. Kwenye kiwiliwili cha plastiki shika pini kwa koleo, ipashe kwenye mshumaa, ichomeke taratibu pale mlingoti utakapokaa, dirisha likiwa wazi. Tundu lingine toboa chini ya mlingoti wenyewe. Baadaye kipande cha pini kitaingia nusu huku na nusu kule. Bila pini hiyo, mlingoti umeshikiliwa na tone la gundi tu, na gundi haijui matuta ya Boma Ng'ombe. Kama milingoti ya seti yako inalegealegea, chonga mipya kutoka kijiti cha mshikaki. Mwanzi haupindi kamba zikivutwa.

Hatua ya 7: Rangi

Hapa niliharibu merikebu yangu ya kwanza, kwa hiyo sikiliza. Sikuwa na praima ya plastiki, yaani rangi ya kutanguliza, nikampelekea fundi mmoja wa kupiga rangi magari anipulizie praima yake. Ilipendeza dakika mbili. Kisha ubavu ukaanza kulainika kama siagi iliyoachwa juani, madirisha ya mizinga yakafumba. Kosa lilikuwa langu: rangi ya gari huchanganywa na thina, na thina kali hula plastiki hii. Fundi aliniuliza, "Bosi, hii plastiki gani?" na mimi nikamjibu, "We puliza tu." Tumia akriliki nyeusi iliyozimuliwa, mikono miwili myembamba. Ukitaka ya kopo la kupuliza, jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu.

Ukianza na nyeusi, kazi ya Waingereza imekamilika nusu. Merikebu za Nelson zilikuwa na ubavu mweusi wenye mikanda ya manjano iliyofuata mistari ya mizinga, na vifuniko vya madirisha vyeusi kwa nje. Madirisha yakifungwa, weusi unakatiza manjano kama ubao wa drafti. Manjano hiyo si ya boksi la sigara wala ya jezi. Ni kama udongo, tia kahawia kidogo. Mikanda ikatae kunyooka kwa brashi? Paka manjano eneo zima, kisha rudisha nyeusi katikati. Kurekebisha kwa nyeusi ni rahisi kuliko kurekebisha kwa manjano.

Sitaha ipake rangi ya mbao iliyopauka, iache ikauke, kisha ipitishie kahawia iliyozimuliwa mpaka iwe kama chai ya rangi. Itaingia kwenye mistari ya mbao yenyewe. Ukiwa Moshi mwezi wa Januari rangi hukaukia kwenye brashi. Weka tishu yenye maji kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, changanyia hapo. Arusha mwezi wa Julai shida ni kinyume: baridi na ukungu vinafanya kila kitu kichukue usiku mzima kukauka. Vaa sweta, subiri.

Hatua ya 8: Milingoti na matanga

Milingoti ipake ikiwa mkononi bado, foromali zikiwa zimeshagundishwa. Zipindishe foromali kidogo kwa mshazari, zote upande mmoja. Zikikaa sawasawa kama msalaba, chombo kinaonekana kimepigwa picha ya pasipoti.

Matanga yanaweza kuja kwenye seti yakiwa ya karatasi iliyochapishwa. Mimi huchora ya kwangu kwenye karatasi ya kawaida na kuyatumbukiza kwenye kahawa iliyobaki kikombeni. Tanga halikuwa jeupe pepe. Turubai iliyopigwa jua na mvua ina rangi ya unga wa dona. Kahawa ya Kilimanjaro inaipata rangi hiyo kwa dakika moja. Yakikauka, weka tanga kwenye kiganja na uliviringishie kalamu juu yake mpaka litokeze tumbo. Tumbo hilo liangalie mbele.

Halafu kuna jambo ambalo waundaji wengi hawalijui na litakupunguzia kazi. Merikebu za vita kwa kawaida hazikupigana na matanga yote. Matanga makubwa ya chini yalikunjwa, kwa sababu yalikuwa yanaziba macho na kushika moto wa mizinga kwa urahisi. Chombo kilibaki na matanga ya juu yake. Kwa hiyo acha yale ya chini. Chukua kipande cha tishu, kilowanishe kwa gundi nyeupe, kisokote kama kamba nene, kilaze chini ya foromali. Ni tanga lililokunjwa. Chombo chako sasa kiko vitani kweli, na sitaha uliyoihangaikia inaonekana.

Gundisha milingoti kwenye kiwiliwili ukianza na galme, kisha wa kati, kisha wa mbele, mlingoti wa maji mwishoni. Ukitanguliza wa maji, utauvunja kwa kiwiko. Kila mlingoti mmoja ukisimama, mwangalie nahodha wako machoni, yaani tazama chombo kutoka omo. Ukiwa umeegemea, rekebisha kabla gundi haijashika.

Hatua ya 9: Kamba

Victory ina kamba za zaidi ya kilomita 40. Ni nusu ya njia ya kutoka hapa hadi Arusha, zote ndani ya chombo kimoja. Kwa hiyo hakuna anayefunga zote, anayekwambia amefunga zote anakudanganya, na swali lililobaki ni ngapi.

Jibu langu ni kamba 20 hivi, na kila moja ichaguliwe kwa kazi mbili: macho yaione, na mlingoti uitegemee. Kamba iliyovutwa vizuri huishika merikebu nzima. Mtu akigusa mlingoti wa mbele kwa bahati mbaya, mshtuko unagawanywa kwa wote watatu badala ya kuvunja mmoja. Merikebu isiyo na kamba kabisa huvunjika haraka kuliko yenye kamba chache. Nimejaribu zote mbili.

Sasa saluni. Uzi wa cherehani una manyoya, na kwa 1/700 manyoya hayo yanaonekana kama nyasi. Unaweza kuyalaza kwa kuupitisha uzi kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu. Lakini bora kuliko uzi ni unyuzi mmoja wa rasta nyeusi. Ni mwembamba, hauna manyoya, haunyonyi maji, na funda moja linatosha kwa majeshi ya majini ya Ulaya yote. Dada wa saluni alinitazama upara wangu, akaniuliza, "Shemeji, unamsuka nani?" Nikasema namsuka Mfaransa.

Kamba za kushikilia milingoti zilipakwa lami, ziwe nyeusi au kahawia nzito. Kamba za kuendeshea matanga zilikuwa za rangi ya katani, ziwe za rangi hiyo. Rasta ya kahawia hafifu inafaa.

Mpangilio ni huu. Tanguliza ngazi za kamba, zile pembetatu za pande mbili za kila mlingoti. Kama seti imekupa zilizochapishwa kwenye plastiki angavu, zikate kwa wembe mpya na uzigundishe kwa gundi nyeupe. Supaglu hutoa mvuke unaoiachia plastiki angavu ukungu mweupe usiotoka. Halafu vuta kamba ya kutoka juu ya mlingoti wa mbele hadi ncha ya mlingoti wa maji, na papo hapo vuta mwenza wake wa kurudi nyuma ubavuni. Mbele moja, nyuma moja, ili mlingoti usivutwe upande mmoja. Fanya hivyo kwa mlingoti wa kati, kisha galme. Kamba za ncha za foromali ziwe za mwisho, kwa sababu ndizo za nje kabisa na ndizo ungezikata ukiwa unafanyia kazi za ndani.

Namna ya kuvuta: gundisha ncha moja kwa tone la supaglu lililobebwa na ncha ya pini, usimimine kutoka chupani. Subiri ishike kabisa. Pitisha unyuzi kwenye kituo cha pili, kisha ning'iniza kibanio cha nguo kwenye mkia wake. Kibanio kitavuta kwa uzito wake, mkono wako utakuwa huru. Gusa kituo kwa gundi, hesabu mpaka 60, kata mkia kwa wembe mpya. Wembe mkuukuu hauikati kamba, unaivuta, na mlingoti unakuja nao.

Unyuzi wa rasta ukilegea baadaye, washa kijiti cha udi, upitishe moto wake karibu na unyuzi bila kuugusa. Joto huufanya ujikunje ukakaza. Jaribu kwanza kwenye unyuzi wa ziada, maana ukikaribia mno unakatika, na nyumba nzima inanukia harusi na plastiki kwa pamoja.

Hatua ya 10: Bendera

Chapisha steshenari kwa mashine ya leza. Wino wa mashine nyingine hutiririka ukikutana na gundi. Kama ni Waingereza baada ya Januari 1801, bendera yao ya muungano iwe na mistari myekundu ya mshazari ndani ya ile myeupe; kabla ya hapo haikuwepo. Bendera ya Wafaransa ya bluu, nyeupe na nyekundu ilishawekwa kwenye manowari zao tangu 1794, bluu ikiwa upande wa mlingoti.

Sasa angalia upepo. Nimeona merikebu nzuri, matanga yamevimba kuelekea omo, na bendera inapepea kuelekea tezi. Upepo gani huo unaokwenda pande mbili? Gari ndilo hupeperusha bendera kurudi nyuma, kwa kuwa linaupita upepo. Merikebu inasukumwa nao. Upepo uliolijaza tanga ndio huo huo unaoipeperusha bendera, kwa hiyo vyote vielekee mbali na joshini.

Hatua ya 11: Kitako cha bahari

Nenda kwa fundi wa vioo na alumini, mwombe mabaki ya plastiki ngumu angavu. Kata kitako kiwe kirefu kupita ncha ya mlingoti wa maji kwa sentimita moja. Hiyo ndiyo bampa yako. Vyombo vikigongana vitako ndivyo vitakavyogusana. Kitako hicho pia ndicho kitakachoshikwa. Waambie wageni kabla hawajakaa mezani kwamba mkono unashika bahari, haushiki mlingoti.

Tandaza gundi nyeupe, laza tishu, isukume kwa brashi iliyolowa mpaka itoe mawimbi madogo, iache usiku kucha. Kwa Grand Port tumia kijani-bluu ya maji ya miamba. Atlantiki iwe bluu ya kijivu. Pitisha nyeupe kidogo kwenye vilele na povu pale omo inapopasua maji, kisha vanishi ya kung'aa. Wakati wa masika usipake vanishi mvua ikinyesha, itapata utando mweupe. Andika jina la chombo upande wa tezi, ndio unaomtazama mwenyewe anapocheza.

Ukipata hamu ya jahazi

Majahazi hayana seti unayoweza kutegemea, na hayahitaji. Waomani waliizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696, wakaitwaa Desemba 1698, na katikati ya mzingiro huo, 1697, frigeti ya Kireno Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome yenyewe; wanaakiolojia waliifukua majini kati ya 1977 na 1980. Frigeti ya Kireno unaweza kuipata kwa kuigeuza ya seti, ukaiinua tezi iwe ndefu zaidi. Majahazi yatoe kwenye ndala iliyokatika.

Soli ya ndala inachongeka kwa wembe kama sabuni. Kwa 1/700 jahazi la mita 20 ni sentimita 3 tu. Chonga, ziba vinyweleo kwa gundi nyeupe mikono miwili, paka kahawia. Mlingoti ni kijiti cha meno, na usiusimamishe wima: mlingoti wa jahazi umeinama kuelekea omo. Foromali ni ndefu, karibu sawa na chombo chenyewe, inapanda kwa mshazari na kubeba tanga la pembetatu. Kwenye tezi, bendera ya Oman. Ukitaka mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, tanga lake lilikuwa la mraba na la mkeka. Kipande cha ukindu uliokwanguliwa kinatosha.

Hatua ya 12: Boksi

Gundisha sumaku ndogo mbili chini ya kila kitako, zile za vifuniko vya mikoba ya simu. Chini ya boksi la viatu laza kipande cha bati la mabati, kingo zikiwa zimekunjwa zisikukate. Merikebu zinasimama zenyewe, haziguswi na sponji wala pamba, kwa sababu sponji ndiyo hukamata kamba. Za 1/1200 zinaenea kwenye lile kopo la biskuti la duara ambalo kila nyumba limejaa nyuzi na vifungo. Sumaku hulishika bila bati.

Kaa kiti cha katikati, si juu ya tairi la nyuma. Mfukoni beba supaglu moja ambayo haijafunguliwa, wembe, kibano, na nyuzi tano za rasta kwenye karatasi. Mimi nikifika Usa River huchungulia. Mara ya mwisho ilikuwa kamba moja tu ya galme kwenye Minerve, na niliifunga tena nikiwa Njiro, kabla chai haijaiva.